Bafa Niliyomjengea Kaka Yangu

Kaka yangu alitaka voliumu ikae pembeni ya kiti chake. Amplifaya na betri za sola zilikuwa stoo, upande wa pili wa nyumba, na spika mbili kubwa alikuwa amezitundika nje chini ya bati, zikitazama uwanja na mashamba ya majirani. Kila alipotaka kuongeza sauti ilibidi ainuke, atoke, azunguke nyumba na kufungua stoo. Alinipigia simu Dongobesh, nilipo na kibanda cha kutengeneza redio na simu, akaniambia niende Endasak nikamfanyie kazi hiyo kabla maharage hayajavunwa. Hakuniomba. Katika familia yetu watu hawaombani, wanaagizana.

Nilikwenda, na sitasingizia upendo. Kaka alinipiga makonzi mpaka nikiwa kidato cha pili, akaacha siku niliyomrudishia kwa jiwe. Nilitaka aone kwamba kichwa alichokitoboatoboa kwa vidole kina kitu ndani. Nilipitia Basotu, nikakatiza mashamba ya ngano mpaka Katesh, kisha nikapanda bodaboda, na kipande cha mwisho cha mlima nikakimaliza kwa miguu na mfuko wangu wa vifaa begani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sauti ikitoka kwenye simu ikapita kwenye voliumu, inabaki dhaifu. Ukiivutia waya wa mita ishirini mpaka stoo, inafika imefifia: besi zipo, lakini sauti nyembamba za juu, kayamba na pumzi za waimbaji, zinapotelea njiani. Dawa yake ni kisakiti kidogo ambacho mafundi tunakiita bafa. Bafa haiongezi sauti hata kidogo. Inaipokea kwa upole bila kuivuta, halafu inaisukuma mbele kwa nguvu yake yenyewe, sauti ikiwa ileile. Aisii moja, kile kidude cheusi chenye miguu minane, rezista chache, kapasita mbili, basi. Ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu asiye na papara.

Mimi nina papara. Bafa ile inataka umeme wa pande mbili, chanya na hasi, na katikati pawe sifuri. Wenye umeme wa nguzo wanatumia transfoma. Sisi wa sola tunatazama betri tulizonazo, kwa hiyo nilichukua betri mbili kubwa za stoo nikaziunganisha, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, pale katikati nikapafanya sifuri. Nikasahau kwamba amplifaya nayo ilikuwa inakula kwenye mojawapo ya betri hizo, na sifuri yake iko mwisho wa betri. Nilipochomeka waya wa sauti nikawa nimegonganisha chanya na hasi ya betri kubwa kwa waya mwembamba, na waya wenyewe nilikuwa nimeushika. Ulibadilika kuwa mwekundu ndani ya kiganja changu. Plastiki yake iliyeyuka ikashika ngozi, na nilipoubandua ulitoka na nyama.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Alicheka mpaka akashika magoti. Nilimrushia koleo kwa mkono mzima, na sikulenga ukuta. Lilipita karibu na sikio lake likagonga fremu ya mlango na kung'oa kibanzi cha mbao. Hakuacha kucheka. Akasema, "Sasa ndiyo umefanana na baba," akaenda zake kutazama ng'ombe.

Mke wake ndiye aliyeleta maji na kitambaa. Alikuwa binti wa wafugaji wa upande wa Basotu, mwembamba, mwenye maneno machache, na mtoto wao wa miaka miwili alimfuata kila alikokwenda akiwa ameshika upindo wa nguo yake. Alinifunga kiganja. Alipoinua mkono, mkono wa gauni lake ulirudi nyuma, nikaona alama nyeusi nne kuzunguka kifundo, nafasi ya vidole. Nikamuuliza, shemeji, hii nini? Akasema kamba ya ng'ombe. Nami ni mtoto wa nyumba ile, nazijua alama za kamba na alama za vidole, lakini kiganja changu kilikuwa kinaungua na aisii ilikuwa bado haijalehemiwa. Nikasema pole, nikageukia kazi yangu.

Kesho yake nilirudia yote kwa betri mbili ndogo za mraba zisizohusiana na zile kubwa, na bafa ikafanya kazi. Niliifungia ndani ya kisanduku cha sabuni, nikakigongomelea kwenye meza ndogo ya pembeni ya kiti, voliumu ikatokeza juu yake. Kaka aliketi, akanyoosha mkono bila hata kutazama, akazungusha. Kwaya ililipuka uwanjani safi kabisa. Niliwasikia waimbaji wakivuta pumzi kabla ya kila ubeti. Jirani aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya korongo alisimama akainua jembe kutusalimia. Kaka alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama maisha yake yote, akasema nimeweza. Naona haya kusema jinsi neno hilo lilivyonifurahisha. Nilirudi Dongobesh na kiganja kilichotunga usaha, nikijiona mtu.

Nyumba ile ilikuwa ya baba yetu, na baba alikuwa na redio. Ilikaa juu ya kabati, mbali na kiti chake. Alipokusudia kumpiga mama, aliinuka kwanza, akaenda kabatini, akaipandisha sauti mpaka mwisho, kisha akarudi. Kulikuwa na sababu. Huku kwetu yowe la mwanamke lina sheria yake. Likipigwa, kila aliyelisikia anatupa jembe na kukimbia kuelekea linakotoka, awe Mwiraqw au Mdatoga, awe rafiki au adui. Aliyesikia asiende anatengwa na kitongoji: hasalimiwi, hapewi moto, havuniwi, hata akifiwa anachimba mwenyewe. Lakini aliyesikia redio tu hana kosa. Baba alijua hivyo, na majirani walijua kwamba baba anajua. Redio ile ilimtunzia heshima yake, na wao ikawatunzia usingizi wao.

Hatua zile za baba kwenda kabatini na kurudi zilikuwa nane. Mama alizitumia kutusukuma mimi na kaka nje kwa mlango wa jikoni. Siku nyingine aliweza na yeye kutoka, tukalala kwenye mahindi. Siku nyingine hakuweza. Kaka alikuwa akinishika mkono tukiwa tumechuchumaa kule, na kila kishindo kilipotoka ndani alinibana vidole mpaka vinalia. Nilidhani alikuwa anaogopa kama mimi. Sasa najua kwamba alikuwa pia anajifunza. Na mimi, fundi mwenye akili, nilikwenda kumfupishia kazi: yeye hakuhitaji hata hatua moja.

Mwezi mmoja baadaye, Jumapili baada ya ibada, nilipanda tena Endasak kubadilisha zile betri ndogo. Sikuwa nimewaambia kwamba nakuja. Nilipofika kwenye kijia kilicho chini ya nyumba, hatua kama sitini kutoka dirisha la sebuleni, nilikuta kwaya imefunguliwa mpaka mwisho. Nilisimama. Nasema kweli, nilisimama kwa raha. Nilitua mfuko, nikainamisha kichwa upande mmoja, nikasikiliza kazi ya mikono yangu.

Ilikuwa safi, isipokuwa kitu kimoja. Katikati ya ubeti kulitokea mlio mwembamba, wa juu sana, ukakatika. Baada ya muda ukaja tena. Nikakunja uso. Bafa ikisukuma waya mrefu huweza kupiga mluzi yenyewe, na dawa yake ni rezista ndogo kwenye njia ya kutokea sauti, ambayo mimi kwa papara yangu sikuiweka. Nikajitukana. Nikaanza kukumbuka kama ninayo mfukoni, ya omu mia au ya hamsini. Mlio ukaja mara ya tatu, mrefu zaidi, na wimbo ulipokwisha, katika ule ukimya mfupi kabla ya wimbo unaofuata, mlio haukukatika pamoja na muziki. Uliendelea peke yake. Tena ulitoka dirishani, si kwenye spika, na bafa haina koo, wala haiishiwi pumzi.

Sikumbuki nilivyopanda. Mlango ulikuwa na komeo, nikaupiga teke mara mbili ukaanguka ndani na fremu yake. Kaka alikuwa amemkandamiza mkewe kwa goti mgongoni, ameshika nywele zake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anamchapa na fimbo ya kuchungia, taratibu, kama mtu anayepura maharage. Uso wa shemeji ulikuwa ubavuni mwa kiti. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa na damu ilikuwa ikimtoka sikioni. Mtoto alikuwa chini ya meza, hajaguswa, ameziba masikio.

Nilichukua kigoda nikampiga nacho kaka kwenye bega, nikasikia mfupa ukivunjika. Aligeuka akanipiga na fimbo usoni, kisha akaiacha akanirukia. Sitapamba. Tulipigana kama tulivyotamani kupigana miaka thelathini. Aliniuma sikio, nikamshindilia kidole jichoni. Nilimgongesha kichwa ukutani mpaka plasta ikabanduka, na kila nilipomgongesha nilitaka tena. Alinivunja kidole gumba kwa kukikunja nyuma, nikalia kama ng'ombe, nikampiga kwa kichwa puani, damu yake ikanijaa mdomoni. Sikuwa namtetea mtu wakati huo. Nilitaka kumuua, na nilikuwa na raha ndani ya kutaka huko. Juu ya vichwa vyetu kwaya ilikuwa ikiimba, safi, kila neno linasikika.

Shemeji ndiye aliyeizima. Alijiburuta mpaka kwenye meza, akanyoosha mkono kwenye kisanduku cha sabuni, akazungusha voliumu mpaka sifuri. Ghafla tukasikika sisi, mihemo na matusi ya wanaume wawili. Haikupita dakika tano uwanja ukajaa. Walikuja na mafimbo na majembe, wakakimbia kweli, wengine kutoka ng'ambo ya korongo. Walitutenganisha, wakamfunga kaka mkono kwa khanga, wakanimwagia mimi maji. Shemeji alikuwa ameketi sakafuni mbele yao wote na hakuna aliyeuliza juu yake mpaka mwanamke mmoja mzee alipomfunika.

Alipigwa kwa nini? Mtoto alikuwa hajalala vizuri usiku, anasinzia, mama yake akapunguza sauti ya kwaya. Basi, ni hilo.

Wazee wa kitongoji waliketi Jumanne, uwanjani kwa mwenyekiti, kando ya kihenge cha mahindi. Kaka alikuwa ameshawaeleza lake: kwamba nilimvamia nyumbani kwake kwa sababu ya shamba la baba, na mkewe aliumia alipoingia kati yetu. Ushahidi wangu wa nilichokikuta ndani haukuwa na uzito. Ndugu wawili waliopasuana vichwa, nani anamwamini mmoja juu ya mwingine? Swali la wazee lilikuwa moja tu. Je, kulikuwa na yowe kabla ya ugomvi wetu? Kama lilikuwepo, mwanamke alipigwa na aliomba watu, na wazee watamruhusu kurudi kwa wazazi wake Basotu na mtoto wake, wala kaka hatamdai. Kama halikuwepo, ni mambo ya ndani, arudi nyumbani akamwuguze mume wake. Baba wa shemeji alikuwa amekuja na alikuwa ameketi kwenye jiwe na fimbo yake kati ya magoti. Alikuwa amesema wazi kwamba bila neno la wazee hampokei. Kituo cha polisi kiko Katesh, na mwanamke mwenye jicho moja linaloona na mtoto mgongoni hawezi kwenda Katesh akarudi kuishi kitongoji kilekile.

Waliulizwa majirani mmoja mmoja. Yule wa ng'ambo ya korongo alivua kofia akasema alisikia kwaya. Mke wake alisikia kwaya. Wa nyumba ya juu alikuwa anakamua, akasikia kwaya. Kijana mmoja alisema aliipenda sana, ilikuwa inasikika vizuri siku hizi. Niliwatazama midomo yao ikifunguka na kufumba, na nilikuwa na hamu ya kuwavunja meno, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Waongo wakubwa. Mtu aliyeko ng'ambo ya korongo alikuwa amesikia pumzi za waimbaji.

Halafu hasira ile ikanigeukia, kwa sababu na mimi nilikuwa najua nilichokisikia. Hakuna aliyeniona kijiani, nilidhani. Ningeweza kusema nilipofika tu niliingia. Ndivyo nilivyokuwa nimemwambia kila mtu kwa siku mbili, hata daktari msaidizi aliyenifunga kidole.

Mwenyekiti akaniuliza kwa kutimiza wajibu tu, akiwa tayari anakunja karatasi yake. "Na wewe ulipokuwa unakuja, ulisikia nini?"

Nilisimama. Niliwaamkia wazee tena, shikamooni, ingawa nilikuwa nimeshawaamkia, kwa sababu sikujua pa kuanzia. Kisha nikasema, "Nilisikia yowe. Mara tatu, kabla sijaingia."

"Ulikuwa wapi?"

"Kijiani, chini ya dirisha."

"Lilipopigwa mara ya kwanza, ulifanya nini?"

"Nilisimama nikasikiliza muziki. Nilidhani ni kasoro ya chombo nilichokitengeneza. Nilikuwa nafikiria namna ya kukirekebisha."

Mwenyekiti hakuelewa, akataka nieleze chombo gani. Nikaeleza mbele ya kitongoji kizima, nikiwa na uso uliovimba, kwamba kuna kitu kinaitwa bafa, kwamba nilimjengea kaka ili asiinuke kitini, na kwamba kisipowekewa rezista fulani huweza kutoa mlio unaofanana na sauti ya mwanamke. Nilieleza vizuri, kama ninavyowaeleza wateja. Hakuna aliyecheka. Kaka alikuwa amenikazia macho kutoka kwenye benchi, jicho lake moja likiwa jekundu lote, na midomo yake ikasema neno ambalo sitaliandika.

Mzee mmoja akasema kwamba mtu hawezi kudanganya ili atengwe. Wengine wakaitikia kwa koo. Hapo nikajua kwamba nimeaminiwa, na kwamba bei yake ni ileile inayomhusu kila aliyesikia asikimbie. Majirani walikuwa wanatazama chini, kila mmoja amelinda neno lake la kwaya.

Shemeji alikuwa hajaulizwa kitu tangu asubuhi. Mwenyekiti akamwuliza kama maneno yangu ni kweli. Alisimama kwa kushika kihenge, akanigeukia kwa lile jicho lake lililokuwa wazi.

"Ni kweli alikuwa pale," alisema. "Nilimwona kijiani kupitia dirisha, ameinamisha kichwa. La kwanza nilipiga kwa watu wote. Hayo mawili nilikuwa nakuita wewe, shemeji."

Niliketi. Wazee hawakuchelewa. Yowe lilikuwepo. Mwanamke aende kwao na mtoto wake, kaka asiwafuate, na mimi nisisalimiwe na mtu wa kitongoji kile kuanzia hapo mpaka mavuno mengine yapite, niwe nimekuja msibani au shambani au kwa lolote. Baba yake aliinuka kwenye jiwe na kukung'uta shuka lake. Shemeji alimfunga mtoto mgongoni, akawaaga wazee mmoja mmoja kwa mkono, akamwaga yule mama aliyemfunika, akawaaga hata wale wa kwaya. Kisha akafika kwangu. Adhabu ilikuwa imeshaanza, akapita bila kuniaga.